Mwonjaji wa Biskuti za Idi

Biskuti zangu ni nzuri. Nalisema mapema ili usije ukanidhania vibaya huko mbele, maana mwaka huu nilioka trei moja ambayo hata kunguru wa Malindi, wasiochagua kitu, waliigusa kwa mdomo wakaenda zao. Lakini hiyo ni trei moja tu. Nyingine zote ni biskuti za kumfanya mgeni asahau alilolijia.

Nilijifunza kuzioka nilipokuwa nafanya kazi jikoni kwa Mtaliano mmoja hapa mjini. Zake zilikuwa na kakao, lozi, na mdalasini wa woga woga, kama mtu aliyeazima. Nilipoacha kazi nikaja nazo nyumbani nikazifanya za kwetu. Pahali pa lozi nikatia korosho. Iliki natwanga mwenyewe kinuni, pamoja na karafuu na tangawizi kavu, na pilipili manga kidogo ya kukwaruza koo ukishameza. Mtu akiniambia hununua viungo vya pakiti, vimeshasagwa, humwitikia kwa adabu, lakini simwamini tena kwa jambo lolote.

Mama yangu alizicheka siku ya kwanza. "Nyeusi hivi, za harusi au za matanga?" Akala moja, akala ya pili, akauliza kama zimebaki. Tangu hapo hakuna Idi inayopita nyumbani kwetu bila biskuti za chokoleti, na hakuna trei inayotoka motoni bila mama kutoa kasoro.

Mwaka huu, kabla ya Ramadhani kuandama, mama alilazwa. Ni moyo na presha, vimeshikana mkono. Tulipomtoa, daktari aliniita pembeni akanieleza polepole, kama mtu anayejua kwamba nina kichwa kigumu: mama asifunge. Dawa za mchana zinataka chakula tumboni, na akiziruka, moyo ule hautastahimili. Imamu wa msikiti wetu naye akatuma ujumbe kwamba ruhusa hiyo ni ya Mungu mwenyewe, atoe fidia ya kulisha maskini, na apumzike. Mama aliyasikiliza yote mawili kwa utulivu. "Alhamdulillahi," akasema, nami nikapumua. Ah, wapi!

Lazima umjue mama. Huyu ni mwanamke aliyeanza kufunga akiwa hajang'oka meno ya utotoni. Alifunga akiwa na mimba yangu, na naamini ndiyo maana nina hasira za karibu. Nilianza kukaa na njaa kabla sijazaliwa. Anaishi nasi, mimi, mume wangu, na binti yetu wa pekee, aliyeingia miaka kumi na mitatu. Huyo binti, kufunga kafundishwa na bibi yake. Alipokuwa mdogo, mama alikuwa akimkalisha mkekani alasiri na kumpigia hadithi moja baada ya nyingine mpaka adhana ya magharibi, mtoto asikumbuke tumbo.

Siku za mwanzo nilikuwa nikimpelekea mama chakula cha mchana chumbani kwake, wali na samaki, nimekifunika kawa. "Funga mlango," ananiambia. "Mtoto asinione." Nafunga. Baadaye sahani inarudi nyeupe, haina hata chembe, nami nafurahi. Lakini mama akawa anapungua. Vikuku vikawa vinamteleza mkononi. Mchana mmoja nikamkuta ukumbini ameshika ukuta, macho ameyafumba, na nilipomuuliza akasema anasikiliza adhana. Adhana ya saa ngapi, na msikiti ulikuwa kimya?

Paka ndio walioitoboa siri yake. Nilizunguka nyuma ya nyumba kuanika nguo, nikawakuta wamekaa chini ya dirisha la mama kwa mstari, wametulia kama wagonjwa kwenye foleni ya daktari. Mmoja wao, niliyemjua tangu akiwa mifupa mitupu kule sokoni, alikuwa amenenepa mpaka shingo imepotea. Dirisha likafunguliwa kidogo. Mkono wa mama ukatoka na kichwa cha samaki changu.

Nilisema maneno siku hiyo. Nilisema mpaka mume wangu akaenda msikitini kabla ya wakati. Mama alinisikiliza tu, kisha akanijibu kwa sauti ndogo: "Hakipiti, mwanangu. Kinafika hapa, kinakwama." Akajishika koo.

Nikakaa na hilo neno usiku kucha na asubuhi yake. Kumlazimisha mama ni kazi bure, babu yangu hakuweza. Nikaona nimwendee kwa njia ya kazi, maana mama hajawahi kukataa kazi.

"Mama," nikamwambia, "mwaka huu nataka kuanza biskuti mapema. Lakini nimefunga, baba mtoto kafunga, mtoto kafunga. Nyumba nzima haina ulimi. Nani ataonja?"

"Onja kwa ncha ya ulimi, uteme. Inaruhusiwa."

"Chokoleti haitemeki, mama. Najijua."

Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu hospitali. "Basi muite jirani. Si Mkristo yule?"

Jirani yetu ni mama wa Kigiriama kutoka Ganda, Mkatoliki wa kweli kweli. "Yuko kwenye Kwaresima," nikasema. "Kajinyima sukari mpaka Pasaka. Mwaka huu mtaa mzima umefunga mdomo. Umebaki wewe."

Mama akaguna. Akavuta leso yake akajifunga vizuri. "Haya," akasema. "Lakini nikisema mbaya, ni mbaya. Usinune."

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Aonje kinyunga kibichi, aonje biskuti ya moto, aonje iliyopoa, ateremshe kwa glasi ya maziwa. Hicho ni chakula, na dawa ya mchana itapita humo humo bila kuulizwa.

Basi kila siku baada ya adhuhuri jiko likawa letu. Nilichunga unga na kakao, nikapondaponda siagi na sukari mpaka ikawa nyeupe, nikatia mayai, viungo, korosho za kukatwakatwa. Mama alikaa kwenye kiti cha chini karibu na mlango akiamrisha. Biskuti zikitoka anachukua zake kwenye kisahani, na glasi ya maziwa, anakwenda nazo chumbani. "Mwonjaji hatazamwi," alisema. "Utanitia kigugumizi cha ulimi." Akirudi, anarudi na hukumu. Leo mdalasini umetangulia, karafuu inaburuta miguu. Leo tangawizi ina kiburi. Wallahi, hata yule Mtaliano hakuwahi kuzungumza hivyo juu ya chakula chake mwenyewe. Mikebe ikajaa, nikaanza kugawa mtaani. Jirani akawa anapitisha kichwa dirishani akinilalamikia kwamba namjaribu kuliko shetani.

Nilikuwa na furaha, usinione. Nilijisifu hata kwa mume wangu. "Umeona? Mama anakula."

Sasa nije kwenye ile trei.

Mtoto wa dada yangu ni kibarua kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni. Alipita kutusalimu, akaacha mfuko wa chumvi laini, nyeupe, iliyosagwa ikawa kama vumbi. Mimi sikuwepo. Mume wangu, aliyeshikwa na pepo la kusaidia, aliuona mkebe wangu mtupu juu ya friji akaimimina chumvi humo, akaufuta, akaufunika. Mkebe ule ndimo ninamotia sukari ninayoisaga kwa ajili ya biskuti. Mume wangu ni mtu mwema, lakini jikoni ni msiba.

Kesho yake nilichota kama kawaida. Niliona biskuti hazikutanuka, zimebaki vidonge vidonge, nikalaumu gesi. Mama akachukua kisahani chake, akaenda, akarudi. Uso wake uling'ara.

"Hizi ndizo," akasema. "Hizi zimepita zote. Utamu umekaa pahali pake."

Nikazitenga kwa heshima, nikaziweka kwenye sahani ya maua tuzile baada ya kufungua.

Magharibi ikaadhiniwa. Tukala tende, tukanywa maji, nikamimina kahawa ya tangawizi, nikaleta sahani yangu huku najichekea. Mume wangu aliuma kwanza. Alisimama, akatoka nje. Binti yangu akauma, akatema kiganjani. "Mama, ni nini hii?" Nikauma mimi. Salaale! Ilikuwa ni kama nimefungua kinywa katikati ya wimbi. Nilikimbilia maji, macho yananitoka.

Mama naye alikuwa ameuma. Yeye hakutema. Alitafuna taratibu, machozi yanamlengalenga, akameza.

"Mbona mwatupa chakula?" akasema kwa sauti iliyokauka. "Tamu."

Binti yangu alikuwa bado anajifuta ulimi kwa leso. Akamgeukia bibi yake, bila ubaya wowote, akauliza, "Bibi, mchana ulionja kweli?"

Mama akatazama kikombe chake.

Nilimshika mkono nikampeleka chumbani. Sikupiga kelele, na kwangu hiyo si kawaida. Akaketi kitandani, akafungua pindo la leso, akanionyesha. Zilikuwamo dawa zote za mchana. Za asubuhi alizimeza kwenye daku, za jioni alizimeza baada ya kufungua, za mchana alizifunga humo kama mtu anayeweka akiba. Biskuti zote alizokuwa akipeleka chumbani zilikwenda dirishani, na zile hukumu zake za mdalasini na karafuu alizitoa puani tu, kwa harufu.

Hapo nikalia. Nililia na kumgombeza kwa pamoja, sijui neno lipi lilitangulia. Nikamuuliza kama anataka kufa ili watu waseme alikufa amefunga.

"Mungu simwogopi kwa hili," mama akasema. "Mungu tumeelewana. Ni huyu mtoto. Mimi ndiye niliyemfundisha. Leo apite anione natafuna mchana, yeye kafunga, ataniona nani? Mzee aliyekwisha." Akakunja pindo akalikunjua. "Na kula peke yako, mlango umefungwa, nyumba nzima ina njaa, hujui kulivyo. Kila tonge nalimeza kama nimeliiba."

Nilimpa maji, nikamfunika shuka, nikamwambia tutazungumza kesho. Mwezi ulikuwa bado una siku, na moyo wake hauna.

Asubuhi yake nikaingia siku zangu.

Hapa nieleze kidogo. Kwetu sisi mwanamke akiwa katika siku zake hafungi wala hasali, na hilo ni agizo, si hiari. Siku zile hulipwa baadaye. Na bado, sijui ni nani aliyetufundisha, wote tunaficha. Unaamka daku na wenzako kama kwamba nawe unafunga. Unakaa futari na tende mkononi, unasubiri adhana kwa uso wa kiu. Mchana unaingia jikoni, unageukia ukuta, unakunywa maji haraka haraka na kuufuta mdomo. Mama alifanya hivyo miaka yake yote, nami nafanya hivyo hivyo, na hatujawahi kuulizana.

Basi mchana huo nilikuwa nimegeukia ukuta na kikombe mdomoni, nikajiona. Mwanamke mzima, na nywele nyeupe zimeshaanza, najificha kwenye jiko langu mwenyewe. Na upande wa pili wa ukuta huo huo mama amekaa na sahani analiwinda dirisha. Sote wawili tumeruhusiwa na Mungu mmoja, na kila mmoja kajifungia mlango wake. Nikacheka mpaka maji yakanipalia.

Nikaenda kwake. "Mama, njoo jikoni."

"Kuonja tena? Niache, mwanangu, nimeshaaibika."

"Si kuonja. Mimi leo nakula. Nataka mtu wa kula naye."

Alinitazama uso, akanitazama tena. "Aa," akasema. Akainuka.

Nilitandika mkeka sakafuni kati ya jiko na friji. Nikaoka trei mpya, na safari hii mwiko niliutia kinywani wote, nikaulamba pande zote mbili bila haya. Mlango nikaurudisha tu, sikuufunga. Biskuti zikatoka, tukazila zikiwa bado moto, chokoleti inatupaka vidoleni, na kando nimeweka wali wa nazi na kachumbari kwa sababu biskuti pekee si chakula. Mama aliuma ya kwanza akafumba macho. Nikaona koo lake likienda. Kikapita.

"Kumbe ziko hivi mwaka huu," akasema. Akaongeza nyingine. "Iliki imezidi."

Alimeza dawa yake mbele yangu, kwa maziwa, akanifungulia kinywa nione. Kisha akaanza kusema. Alinisimulia kwamba alipoolewa waliishi wake wa ndugu wengi katika nyumba moja ya ukoo, na wakati wa Ramadhani kila mmoja akiingia siku zake alikuwa akijificha kula stoo ya nazi akidhani ni yeye pekee anayeijua. Mchana mmoja aliingia gizani humo na mkate wa mofa, akamkanyaga wifi yake aliyekuwa na muhogo mdomoni. Walitoka mbio, huyu huku na yule kule, na hawakuzungumzia jambo hilo mpaka wifi akazeeka. Tulicheka mpaka mama akashika mbavu, nami nikaogopa ule moyo wake, lakini ulikuwa moyo wa raha.

Tukala hivyo kila mchana. Vikuku vikaanza kushika mkono.

Lakini siku zangu zingekwisha, na nikirudi kufunga, mama angebaki na nani? Nilijipiga kifua nikampigia wifi yangu simu, ambaye ananyonyesha na hafungi. Nikamweleza. Alicheka hadi mtoto akaamka, kisha akasema atakuja, na alikuja siku zote alizoweza, kabebwa na bodaboda, mtoto kifuani, akala na mama jikoni na kumaliza korosho zangu zote. Sikumlaumu. Korosho hununuliwa.

Ikafika Jumamosi moja mtoto wake akashikwa na homa, hakuweza kuja. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufunga tena. Nilimtandikia mama mkeka, nikamwekea wali, biskuti, maziwa, na dawa ndani ya kijaluba, kikasha chake kidogo cha bati. Akakaa. Akaitazama sahani.

"Nenda zako," akaniambia. "Nitakula."

Sauti hiyo naijua. Nikatoka nikasimama ukumbini, nikitega sikio, na jikoni hakukusikika hata kijiko. Nilikuwa nishaamua kuingia nimlishe kwa nguvu, liwalo na liwe, mlango wa chumba cha binti yangu ukafunguka.

Alipita mbele yangu bila kunitazama. Alikuwa ameosha uso na mkono mmoja ameuweka tumboni. Akafika mlango wa jikoni akasimama.

"Bibi," akasema, "nakuja kula nawe."

Nilidhani amemhurumia bibi yake na anataka kufungua makusudi. Nikafungua kinywa nimkemee. Mama akaninyooshea kiganja, ninyamaze. Akamtazama mjukuu wake kwa utaratibu, uso, mkono ule, miguu iliyobanana.

"Ndiyo mara ya kwanza?"

Binti yangu akaitikia kwa kichwa. "Ni jana. Nilifunga hivyo hivyo. Sikujua nimwambie nani." Midomo ikaanza kumcheza. "Halafu nikakumbuka nyinyi mnakula hapa."

Ilinichoma kwamba hakuja kwangu, sitadanganya. Ilinichoma na papo hapo ikanifurahisha, nikabaki nimeegemea ukuta, kinywa kikavu, na harufu ile ya kakao na iliki inanitesa.

Mama akasogea, akampa nafasi mkekani. Hakumwambia afunge mlango. Alichukua biskuti akaivunja, akampa kipande kikubwa, kidogo akakitia kinywani mwake, mchana kweupe, mtoto anamtazama. Wakatafuna. Akachukua dawa yake kijalubani, akaimeza, akapangusa mdomo kwa ncha ya leso.

"Kesho uje tena, mama," akamwambia. "Mimi peke yangu siwezi."